Mafundi wetu wanawake wa mjini Unguja: tuwaenzi vipi ili majina yao yabaki?

Binti Jang'ombe

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina jambo linaninyima usingizi, naomba mawazo yenu.

Mtaani kwetu tumekubaliana kufanya shughuli ya kuwaenzi wanawake wenye kazi za mikono na sanaa, kabla Ramadhani haijaingia. Mimi nimepewa kazi ya kuandika orodha, maana nashinda kwenye kiduka cha kutoa kopi na kupiga chapa karibu na Michenzani, kwa hiyo kalamu na karatasi haviko mbali nami. Nimepita nyumba kwa nyumba na daftari langu, nimepata wanawake 11. Washona kofia wanne, mama yangu mmoja wao. Wasusi wa ukili wawili, na mmoja wao anachemsha rangi mwenyewe uwani kwake, ukipita jioni unaona miyaa ya zambarau imeanikwa kwenye kamba kama nguo. Mpakaji wa piko na hina, ambaye msimu wa harusi humpati mpaka umuwahi mwezi mzima mbele. Mchanganyaji wa udi wa kufukiza. Mshona mabuibui. Bibi mmoja anayefunga vikuba vya asumini na mrehani, anaamka alfajiri kuchuma maua kabla jua halijayachoma. Na msichana wa miaka 22 anayepiga fidla, aliyejifunzia DCMA, kile chuo cha muziki cha pale Mizingani.

Kamati yetu, wengi wao wanaume na wote watu wazuri, wanataka hema, viti, mgeni rasmi, hotuba, kisha kila mwanamke apewe doti ya kanga na cheti. Kanga siikatai, nani anakataa kanga? Lakini nimekaa na mama yangu nikamtazama anavyoshona, nikaona doti ya kanga haifiki pale anapostahiki kufikiwa.

Niwaeleze. Mama anashona kofia za mkono, zile nyeupe za vitundu. Kitambaa kinachorwa maua kwa penseli kwanza, tena si na yeye, kuna mchoraji wake Kwahani. Kinapofika nyumbani mama anakikunja ndani ya kanga safi, na kila akitaka kukishika ananawa mikono kwa sabuni, anapangusa, halafu anapaka vidole poda ya mtoto ili jasho lisiache doa. Anakaa ukumbini baada ya laasiri, mlango umefunguliwa nusu, mwanga uingie bila watu wa njiani kuingia nao. Kila kitundu anakitoboa, anakizungushia uzi, anaubana, anahamia kinachofuata. Siku moja nilijaribu kuvihesabu vitundu vya ule ukanda wa pembeni peke yake. Nilifika 640, mtoto akaniita, nikapotea, nikaacha. Kofia moja inamchukua wiki saba au nane, na katika wiki hizo anapika, anafua, anauguza, anakwenda kwenye maiti na harusi. Miwani yake ya sasa ni ya tatu.

Mwaka juzi alimaliza kofia yenye maua ya mkarafuu, mfanya biashara mmoja akamlipa shilingi 45,000. Baada ya siku chache nilikuwa napita Mji Mkongwe na mgeni wa kazini, tukaingia duka moja, nikaiona. Niliijua palepale, kwa sababu kuna pahala kwenye ukanda ambapo mama alirudia mshono baada ya taa kuzimika, na ua moja likawa na jani la ziada. Bei yake shilingi 130,000. Mgeni wangu akauliza nani kaishona. Muuzaji akajibu, "Wanawake wa shamba huko." Mama yangu kazaliwa Jang'ombe, hajawahi kukaa shamba hata wiki moja. Nilitaka kusema, nikashindwa, nikatoka nje nikasimama kibarazani.

Swali langu basi: tufanye nini siku hiyo, na baada ya siku hiyo, ili kazi ya hawa mama iende na majina yao? Wenye uzoefu popote mlipo, nisaidieni.

---

Leso ya Mvita

Waalaykum salaam dadangu. Nimesoma hapo kwa "wanawake wa shamba huko" nikaweka simu chini kwanza.

Mimi niko Mombasa, nauza leso, ndizo kanga zenu, na nashona madera. Nikwambie kitu ambacho nakiona kila siku kazini hadi nimekizoea. Leso ya Kaderdina, ile ya Mtaa wa Biashara, ina maneno madogo kwenye ukingo: Mali ya Abdulla. Kampuni ile ilianza 1887, na mpaka leo mama akiingia dukani kwangu haulizi leso nzuri, auliza, "Hii ni ya Abdulla?" Akiyaona yale maneno analipa, hata kupunguziwa haombi sana. Basi hebu fikiria, leso yenyewe ina jina lake, yale maneno ya mafumbo tunayochagulia. Ina na jina la mwenye mali. Kofia ya mamako yenye wiki nane za macho yake haina hata herufi moja.

Wewe una mashine ya kupiga chapa. Usingoje kamati. Chapa vikaratasi vigumu, kila fundi na chake: jina analotaka aitwe, mtaa wake, kofia imechukua siku ngapi. Kitobolewe tundu, kifungwe na uzi uleule wa kofia. Mwenye duka akikitoa, mnunuzi ataona uzi umekatwa.

Na hizo kanga za kamati, chagueni jina vizuri. Kuna wakati mama zetu wanapewa leso ya kumshukuru mgeni rasmi badala ya kuwashukuru wao, nimeona kwa macho yangu.

---

Ami wa Matrah

Assalaam alaykum. Niko Maskati, marehemu bibi yangu ni mtu wa Malindi, ile Malindi ya Unguja. Kiswahili changu ni cha nyumbani, mtanisamehe.

Huku kofia tunaiita kumma, na kila mwanamme anayo, za kazini, za msikitini, za Idi. Wazee wetu walirudi nayo kutoka kwenu. Mimi ninazo labda ishirini, nyingi za mashine, kwa sababu soko limejaa za mashine na bei yake ni nyepesi. Ninayo moja tu aliyoshona bibi kwa mkono wake. Ilivaliwa na babu, akaivaa baba, sasa ninayo mimi, na siivai ila siku ya Idi. Imekuwa na rangi ya maziwa.

Binti, nataka uwafundishe watu kwenye hiyo shughuli jinsi ya kuitambua kofia ya mkono. Ipindue nje ndani. Ya mashine upande wa ndani una nyuzi zinarukaruka, zimekatwa kwa mkasi, wengine huzifunika kwa kitambaa. Ya mkono ndani yake ni safi karibu sawa na nje. Halafu iinue juani. Vitundu vya mashine vyote sawasawa kama vimepigwa muhuri. Vya mkono, kila kimoja kina upumuaji wake, na ukivaa mchana wa jua kichwa kinapata hewa kweli. Watu hawalipi kwa sababu hawajaonyeshwa tofauti. Weka meza, weka kofia mbili, moja ya mashine na moja ya mama yako, waache wapindue wenyewe.

Na neno la pili. Ningejua kofia imeshonwa na nani na mtaa gani, ningeagiza kwake moja kwa moja na kumlipa yeye. Watu wengi huku wangefanya hivyo. Kinachotushinda ni kwamba hatujui tumpigie nani.

---

Fundi wa Kikwajuni

Mwanangu Binti Jang'ombe, anaandika mjukuu wangu, maneno ni yangu.

Nimeshona kofia tokea nina miaka kumi na mbili mpaka macho yalipokataa kutia uzi. Nakushukuru kwa unayoyafanya, na mama yako nampa salamu, huenda tunajuana. Lakini nataka usikimbie. Umesema majina, majina. Umewauliza wenyewe?

Kwanza, kofia moja si mkono mmoja kila mara. Kwetu mimi nilikuwa nashona duara la juu, dada yangu anashona ukanda, halafu mama anaunganisha, anaifua, anaitia wanga na kuivika juu ya bakuli ikauke na umbo lake. Mchoraji naye ana haki yake, maua ni ya kwake. Sasa kikaratasi utaandika jina la nani? Ukiandika la mmoja, unaingiza ugomvi ndani ya nyumba iliyokuwa inacheka.

Pili, kuna mwanamke hataki jina lake litembee sokoni. Si kwamba anaonewa na mume, wala hajui haki yake. Ndivyo alivyo na ndivyo anavyotaka. Mwengine anashona kwa siri ya mavyaa, mama wa mumewe, pesa ile ndiyo akiba yake, ukimtangaza kwenye kipaza sauti umemuharibia.

Tatu, usidhani hatukuwa na alama. Tulikuwa nazo. Kwenye mshono wa ndani, pale duara linapokutana na ukanda, mimi nilikuwa naacha nukta tatu za uzi wa buluu. Muuzaji hazioni. Mwenye kofia hazioni mpaka siku anaifua mwenyewe. Lakini mimi nikikutana na kofia kwenye kichwa cha mtu baada ya miaka thelathini, nikipewa niipindue, najua kama ni yangu. Niliwahi kukutana nayo mara moja, kwenye hitma. Kijana alikuwa anaosha vyombo, kaivua kaiweka juu ya ngazi. Nukta zangu tatu hizo. Nililia, watu wakadhani namlilia maiti.

Kwa hiyo waulize. Anayetaka jina, mpe jina. Anayetaka alama, mwache na alama yake. Wewe weka daftari lenye kuonyesha alama ipi ya nani, na daftari hilo akae nalo mtu muaminifu.

---

Mpiga Kanuni

Shikamoo Bi Mkubwa. Hizo nukta tatu za buluu nitakaa nazo.

Mimi ni mwanamke, napiga kanuni, ile ala ya nyuzi, kwenye taarab hapa mjini, nami naomba niseme kuhusu yule msichana wa fidla, maana kila mtu kaongea kofia.

Tafadhali Binti, asije akapiga bure. Najua mtasema ni shughuli ya mtaa, ni ya kheri, ni heshima kwake. Mimi nimepiga heshima nyingi. Wamelipwa wa hema, wamelipwa wa viti, wa spika na mpishi wa biriani, mimi nimepewa soda na "Mungu akubariki." Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Ni mazoea tu, kwamba mwanamke akiimba au akipiga anajifurahisha mwenyewe. Kama mnakusudia kuwaenzi wanawake wa sanaa, bajeti yenu ianze na malipo yake, kisha ndio mtafute hema.

Na mtu akikuambia sanaa na biashara ni mambo mbalimbali kwa mwanamke wa Unguja, mkumbushe Siti binti Saad. Kazaliwa Fumba mwaka 1880, mama yake mfinyanzi, na yeye ndiye aliyekuwa anavibeba vyungu kichwani kuja navyo mjini kuviuza. Aliviuza kwa sauti. Watu walisikia anavyonadi ndipo walipojua kuna kitu kwenye koo lile. Mwaka 1928 akapanda meli mpaka Bombay kurikodi santuri kwa Kiswahili, na santuri zikauzika pwani nzima. Na unajua walimuandama kwa lipi? Walimtungia nyimbo za kumkejeli kwamba katoka shamba na kaniki. Leo, karibu miaka mia baadaye, muuzaji anasema kofia imeshonwa na "wanawake wa shamba huko." Ni neno lilelile, lile la kumfanya mtu asiwe na jina.

Bi Kidude naye, Mungu amrehemu, dunia ilimpa tuzo ya WOMEX, yale maonyesho ya muziki wa dunia, mwaka 2005 kwa uimbaji, lakini sisi tunaomjua hapa tunajua alikuwa pia na hina yake na wanja wake, na ngoma yake ya unyago aliyowafunda wasichana. Hakusubiri msimu wa matamasha ili ale. Alipofariki Aprili 2013 mji wote ulikwenda kumzika. Ningependa mtu awe ameandika, angali hai, jinsi alivyokuwa akichanganya hina yake.

Kwa hiyo zaidi ya majina, rikodini sauti zao. Simu inatosha. Bibi wa vikuba aeleze anavyojua asumini imekuwa tayari kuchumwa. Mchanganyaji wa udi aseme anaanza na nini. Wala usimuombe siri ya mizani yake, hiyo ni mali. Muombe namna alivyojifunza, na kwa nani. Sisi kwenye taarab ala tulizikuta mikononi mwa wanaume, ndiyo maana kikundi kama Tausi, cha wanawake watupu, alichokianzisha Bi Maryam Hamdani, kilikuwa jambo kubwa kwetu. Niliwaona wanawake wamekaa na ala zao, udi wa nyuzi, fidla na kanuni, mapajani, na mimi ndipo nilipojua kiti changu kiko wapi. Wasichana wa mtaa wako wanataka kuona kama hivyo. Waseme: yule pale, nyumba ya tatu, anaishi kwa kazi hii.

---

Binti Jang'ombe

Nimerudi, ndugu zangu. Nimechelewa kwa sababu nilimtii Bi Mkubwa wa Kikwajuni: nilizunguka upya na daftari, nyumba zote 11, na mara hii nilikaa kitako badala ya kusimama mlangoni.

Saba wametaka majina yao kamili yaandikwe, na yasomwe. Mmoja akasema niandike na la marehemu mama yake aliyemfundisha kusuka, kwanza la mama, kisha lake. Wawili wametaka alama tu. Mmoja amekataa vyote, hataki hata kuja, na sikumuuliza kwa nini. Nilikunywa chai yake nikaondoka. Jina lake nimelifuta kwenye orodha ya kamati kwa wino mzito, lisisomeke.

Washona kofia wamekubaliana wao kwa wao, tena bila mimi: kikaratasi kitakuwa na mistari mitatu, mchoraji, mshonaji, mmaliziaji. Kama ni mtu mmoja aliyefanya yote, atajaza yote. Nimeshachapa hamsini vya mwanzo kwenye karatasi ngumu ya krimu, gharama nimebeba mimi na bosi wangu kanipa wino. Na kwa nyuma ya kila kikaratasi kuna namba ya simu moja, ya binti wa mshona kofia wa pili, kwa sababu yeye ndiye mwenye kujibu haraka na anajua kuandika bei bila kuona haya. Ami wa Matrah, ndiyo hiyo utakayopigia. Nitakutumia kwa njia ya faragha, sitaki kuiweka hapa.

Kamati ilikuwa kazi. Nilipowaambia mpiga fidla analipwa na analipwa kwanza, mzee mmoja akasema, "Yule si mtoto wetu?" Nikamjibu kwamba ndio maana. Wamekata hema moja kati ya mawili, tutatumia kivuli cha mwembe ulio nyuma ya madrasa, na kile kilichobaki ndio malipo yake na ya mrikodi sauti. Mgeni rasmi bado wanamtaka. Nimeomba azungumze mwishoni, baada ya mafundi wote, na awe amekwisha pindua kofia mbili zile mezani kama alivyosema Ami.

Leso ya Mvita, kanga nazo zipo, ila jina la kanga wamechagua wanawake wenyewe. Walibishana jioni nzima kwa kicheko. Sitalitaja leo, nataka kamati walione siku hiyo.

Jana usiku nilimsomea mama majibu yenu yote. Nilipofika kwenye nukta tatu za buluu akaniambia nisome tena. Kisha akanyamaza, akakunjua ile kanga, akanawa mikono, akapaka poda. Alikuwa anamalizia kofia ya mteja wa Idi. Akaipindua ndani, akachukua uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, asiuone mtu asiyejua, akashona herufi moja kwenye mshono. Mama alisoma chuoni, chuo cha Kurani, jina lake anajua kuliandika kwa herufi za Kiarabu tu. Ni mim, na mkia wake umepinda kidogo ukafuata njia ya ukanda. Kofia zake zote za miaka thelathini hazikuwa na kitu hapo.

Halafu akaniuliza kama shughuli inaweza kusogezwa Jumapili badala ya Jumamosi, kwa sababu kofia hii bado ina vitundu vya siku nne na ameahidi.

---

Fundi wa Kikwajuni

Mwambieni asogeze Jumapili. Nami nakuja, mjukuu atanileta. Mama yako anitafutie kiti karibu na hiyo meza, nataka kuishika hiyo mim kwa kidole.